Mwajuma na Nyumba ya Kichuguu

Ukiuliza mjini Kamina nyumba ya Mwajuma iko wapi, utaulizwa kwanza: ipi? Siku hizi kila nyumba ya zamani iliyooshwa uso, ikatiwa bafu ndani na madirisha mapana, watu huiita ya Mwajuma, hata kama mwenyewe yumo ndani na hati zake kabatini. Kuna wanaoapa kwamba alisomea kazi hiyo Ulaya. Ulaya ipi? Wifi yangu hajavuka hata mpaka wa Kasumbalesa. Alikuwa akiuza chumvi, vitenge na samaki wakavu sokoni, na sauti yake ya kuita wateja ilikufikia kabla hujaiona meza yake.

Mimi ni Sauda. Niliolewa na Yassini, mdogo wake, kwa hiyo nina haki ya kumtania mpaka siku nitakapozikwa, naye hunirudishia bila huruma. Lakini hili la nyumba ya kwanza, ile ya babu yao, sina utani nalo. Nilikuwepo, mikono yangu iliingia kwenye ule udongo, na wale wanaosimulia sokoni wanaisimulia vibaya.

Nyumba yenyewe iko nyuma ya stesheni, katika mtaa wa watu wa Maniema. Aliijenga babu yake Mwajuma, mfanyabiashara aliyetoka Kasongo miaka ile reli ilipofika Kamina. Alichukua udongo wa kichuguu, ule ambao mchwa wameutafuna ukawa laini na wa kunata, akafyatua matofali mabichi, akainua kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani asianguke. Mbele akaweka baraza ndefu yenye nguzo. Mlango akauchongesha kwa mti wa mulombwa. Ndani ya kuta akaacha mashubaka ya kuwekea taa na misahafu, na katikati akaacha ua, vyumba vyote vikiuzunguka.

Mwaka wa tisini na nane, vita vya pili vya Kongo vilipoanza, nyumba hiyo ilikuwa na wapangaji wa aina mbili: mbuzi wa jirani na popo. Bati lilikuwa limeoza. Kwenye vyumba kulikuwa na giza hata saa sita mchana, na mvua ikinyesha nje, ndani ilinyesha zaidi.

Mzee Asumani, baba mdogo wa Mwajuma na mkubwa wa ukoo, alituita kikaoni kwake. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa kurudia maneno. Alikuwa amepata mnunuzi: Lumbala, mfanyabiashara wa mahindi wa Kaniama, aliyetaka kiwanja kile cha karibu na reli ajenge depo ya kuwekea mahindi. Vita vilikuwa vimeyapa mahindi thamani ya ajabu, na Lumbala hakuwa na muda wa kupoteza.

"Ile nyumba iko ya udongo," mzee akasema. "Haiko durable. Bantu banatucheka. Tunaangusha, tunauzisha lupango, kila muntu anapata yake, na minyi ninakufa bila kuachia batoto matata."

Lupango ni kiwanja tu. Lakini hilo neno durable, kwetu ndilo linalowatenganisha watu na watu. Nyumba ya matofali ya kuchoma na sementi ni durable. Nyumba ya udongo, hata ikisimama miaka sabini ukiitazama, si durable. Sote pale kikaoni tuliinamisha vichwa, kwa sababu tulikuwa na aibu ile ile aliyokuwa nayo mzee.

Mwajuma peke yake hakuinama. Alikuwa mjane, watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa, na hakuwa na cha kuogopa isipokuwa Mungu na panya wa ghalani.

"Baba mudogo, weye ulizaliwa mule," akasema.

"Nilizaliwa mule. Sitaki kufia mule na maji inanianguka ku kichwa."

"Basi niachie mpaka Idi. Nitaitengeneza. Itakuwa nyumba ya leo."

Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mzee Asumani hakucheka. Alimtazama binti huyo wa kaka yake, akasema neno ambalo ukoo wote ulilishika: "Idi itaangukia katikati ya mvua. Siku ile nitaingia chumba kwa chumba. Nikikuta bantu banalala mu kila chumba, na hakuna tone ya maji, nyumba inabakia. Nikikuta tone moya, Lumbala analeta bantu yake na majembe."

"Tumeelewana," Mwajuma akasema. Tulipotoka nje nikamwambia, "Mulamu, weye unauza samaki. Nyumba utaitengeneza na nini, na magamba?" Akanijibu kwamba atanitumia mimi kuwa nguzo, kwa kuwa ni mnene.

Mtu asidhani alianza gizani. Alipokuwa akienda Lubumbashi kununua vitenge, Mwajuma alikuwa na tabia mbaya ya kuchungulia nyumba za watu. Alijua anataka nini: mwanga, maji yanayotiririka ndani, jiko ambalo mwanamke halii kwa moshi, na sebule ambayo mgeni akiingia anashusha pumzi. Alijua pia vitu ambavyo hatavigusa. Baraza ibaki. Mlango ubaki. Mashubaka na ua vibaki. "Inafaa babu akirudia leo, ajue mulango yake," aliniambia, na aliposema hivyo macho yake hayakuwa na mzaha.

Shida ilikuwa vita. Treni zilizopita zilibeba wanajeshi. Angani zilipita ndege za kwenda Base, kambi ya jeshi yenye uwanja wa ndege nje ya mji, usiku na mchana, na hakuna hata moja iliyotubebea bati. Hapo ndipo alipoingia Nathalie, mke wa sajini mmoja wa Base, mwanamke wa Mbandaka aliyekuwa akiuza mapipa matupu ya mafuta. Mwajuma akamwambia anayataka yote.

"Ya Mwajuma, mapipa yote hii ni ya nini? Unapika pombe?" Nathalie akauliza; kwao Ya ni dada mkubwa.

"Minyi, muntu wa kufunga Ramadhani, njo unaniuliza pombe?"

Walicheka mpaka wakawa marafiki. Mapipa yalipasuliwa, yakapigwa nyundo mpaka yakanyooka, yakafunika paa lote, na kila muungo ukapakwa lami. Kwa wiki nzima mtaa haukusikilizana kwa makelele. Madirisha aliyatoa kwenye basi lililokufa miaka mingi nyuma ya soko. Alinunua vioo vyake pamoja na reli zake, akamwambia fundi Cyprien avitie ndani ya matao yale yale ya zamani, yapanuliwe tu upande wa chini. Ukivuta kioo, kinateleza pembeni, upepo wa uani unaingia, mwanga unamwagika hadi ukutani. Niliposimama pale mara ya kwanza niliona vumbi likielea katika jua, ndani ya chumba ambacho nilikijua kwa kupapasa. Nilinyamaza, na Mwajuma akauliza kama naumwa.

Bafu alilijenga kwenye chumba cha mbuzi. Pipa moja likakaa juu ya ukuta wa uani, bomba likashuka ndani, na maji yalipotoka mara ya kwanza wanawake wa mtaa walipanga foleni kuyatazama. Sakafu ikasuguliwa kwa nta nyekundu. Mashubaka yakawa ya vikombe na vitabu. Kazi ilikwenda vizuri mno, na labda hiyo ndiyo iliyomtia kiburi.

Kwa maana Mwajuma naye alikuwa mtu wa Kamina, na neno durable lilikuwa limemkwama kooni. Alitaka mzee akipita barabarani aone sementi. Akahangaika mpaka akapata mifuko kwa mfanyabiashara mmoja aliyeificha tangu kabla ya vita, na Cyprien akapaka ukuta wote wa mbele, kuanzia chini hadi juu, ukang'aa. "Mama, sasa iko durable," akasema fundi, naye aliamini hivyo kwa moyo safi. Mtaa mzima ulisifu, nami sikubaki nyuma. Hata Mzee Asumani alipita, akagonga ukuta kwa fimbo, akaguna. Mguno wa mzee yule ni sawa na hotuba ya mtu mwingine.

Ramadhani ikaingia pamoja na mvua kubwa. Mara ya kwanza tuliona ufa mwembamba juu ya dirisha, tukasema si kitu. Maji yakaingia kwa ufa ule. Udongo mtupu ukinywa maji, jua likitoka unayatoa. Huu ulikuwa umefungiwa nyuma ya sementi na hauna pa kuyatolea. Ukuta ukavimba. Alasiri moja, tukiwa uani tunachambua mchele, tukasikia kishindo kizito. Tulipokimbilia mbele, ukuta kati ya mlango na dirisha la pili ulikuwa umelala barazani, sementi yake ingali inang'aa.

Habari mbaya haihitaji treni. Kesho yake Lumbala alifika kutoka Kaniama, akasimama barabarani, akaanza kupima kiwanja kwa hatua. Hakuwa mtu mbaya, alitusalimu vizuri sana. Lakini nilipoona anahesabu kwa midomo, nilimchukia kwa roho yangu yote, na saumu yangu siku hiyo anaijua Mungu mwenyewe.

Mwajuma alikuwa ameketi juu ya lundo la udongo. Sijawahi kumwona hivyo hata siku ya kumzika mume wake. Nyumba ya babu yake ilikuwa inakwenda, na iliyoiangusha ilikuwa mapambo yake mwenyewe. Nilikaa karibu naye. Sikuwa na utani hata mmoja.

Akaokota bonge la udongo, akalivunja kiganjani, akaniuliza, "Sauda, jiko yako unapakalaka na nini?"

"Na udongo ya kichuguu. Kila kiangazi."

"Na inaanguka?"

"Haianguke hata."

Tukatazamana. Hakuna mwanamke wa Kamina asiyejua kupaka ukuta kwa udongo wa kichuguu. Tunachanganya na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, tunapaka kwa kiganja, tunasugua kwa jiwe la mtoni mpaka panateleza. Tunafanya hivyo jikoni, uani, kwenye banda la kuku. Ila hakuna aliyewahi kufikiria kuuleta udongo huo mbele, pale mgeni anapotazama, kwa nyumba kubwa ya mtaa. Mbele ni mahali pa sementi. Nani alisema? Sote, kila siku, bila hata kuulizana.

Mwajuma alisimama, akapiga moyo konde, akachukua nyundo na kuanza kuibandua sementi iliyobaki. Cyprien alipofika alishika kichwa, kisha akashika nyundo ya pili. Matofali ya kujazia walikuwa nayo: nyuma ya ua kulikuwa na jiko la zamani lililoanguka, na matofali yake mabichi, makavu na mazima, yalitoka kwenye kichuguu kile kile cha babu. Ukuta ukainuka tena.

Kuupaka haikuwa shida. Siku hiyo tulikuwa wanawake wengi, Waislamu kwa Wakristo, matope mpaka viwikoni, na nyimbo zetu ziliwatoa watu stesheni. Nathalie alikuja na wenzake wa Base, akidai kwamba kwao wanajua zaidi, akapaka kona moja vibaya sana, tukaifuta nyuma yake bila kumwambia.

Shida ilikuwa kuukausha. Kupaka udongo ni kazi ya kiangazi, na sisi tulikuwa katikati ya mvua, Idi ikikaribia. Kila asubuhi Mwajuma alibonyeza ukuta kwa kidole na kidole kikaingia. Kuta zikibaki mbichi vile, upepo mmoja wa mvua ungezifumua.

Ndipo akatoa amri ya ajabu. Alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Tangu leo, futari tutapikia kwangu. Kila mama alete mbabula yake." Mbabula ni jiko letu la makaa, la chuma lenye matundu. Wanawake walikuja wakidhani ni sadaka. Akawapanga barazani, mstari mmoja, kila mbabula mbele ya ukuta kwa hatua moja, na kati ya nguzo akafunga maturubai aliyoazimwa na Nathalie ili mvua isipige. Kisha akaweka mbabula nyingine upande wa ndani wa ukuta, madirisha akiyaacha wazi.

Basi tukapika. Tulipika maharage, uji, mihogo na sombe ya majani yake, na samaki wa Mwajuma mwenyewe, aliowatoa bila kulalamika, nami nilikuwa naangalia uso wake kuhakikisha. Makaa yakawaka kutoka alasiri mpaka magharibi, ukuta ukatoa mvuke kama shati lililopigwa pasi. Adhana ikiita, wanaume wanakula pale pale barazani, migongo yao ikipata joto. Zamani za babu, ndivyo futari ilivyoliwa katika nyumba ile: nje, mpita njia akaribishwe. Desturi hiyo ilikuwa imekufa pamoja na bati. Sasa ilirudi yenyewe, kwa sababu ya ukuta mbichi, na wazee wawili watatu nikawaona wanafuta macho wakisingizia moshi.

Wapita njia walikuwepo wengi mwaka ule. Watu walikuwa wakifika kwa miguu kutoka upande wa Kabalo, wakikimbia mapigano, na magodoro vichwani. Wa kwanza kuketi kwenye baraza yetu alikuwa mama mmoja Mluba, jina lake Kyabu, na watoto wanaomshika nguo. Alikula, akashukuru, akauliza kama anaweza kulala chini ya turubai. Mwajuma akafungua mlango wa mulombwa, akampa chumba chenye dirisha la basi. Kesho yake akaja mwingine. Mpaka Ramadhani inakwisha, hapakuwa na chumba kitupu. Kyabu ndiye aliyeupaka ukuta rangi, kwa pemba, ule udongo mweupe wa kwao, na chini kabisa mkanda mwekundu ili matope ya mvua yasionekane. Nyumba ikawa nzuri, jamani. Nasema bila kutia chumvi. Nilizunguka barabarani makusudi ili nirudi niione tena.

Siku ya Idi, tulipotoka msikitini, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya miembe ya stesheni. Mzee Asumani alikuja na kanzu yake mpya na fimbo. Lumbala naye alikuja, maana alikuwa amealikwa na mzee, na ukoo mzima ukafuata kana kwamba ni harusi. Mwajuma alisimama mlangoni. Mikono yake aliificha ndani ya kitenge.

Mvua ikafunguka. Haikuwa mvua ya kujionyesha, ilikuwa ile inayofuta barabara. Ilipiga mapipa ya paa kwa kishindo, hata ukitaka kusema ilibidi upige kelele. Mzee akaingia chumba cha kwanza. Alikuta watoto wa Kyabu wamelala, akatazama dari, akangoja, akapitisha kiganja ukutani. Akaenda chumba cha pili. Sisi tulimfuata nyuma, na kila alipoinua uso wake juu, nasi tuliinua. Chumba cha tatu alikaa muda mrefu mno. Aligusa shubaka, akatazama vikombe vilivyopangwa ndani, akatoa kimoja, akakirudisha. Bafuni alifungua bomba, akafunga, akafungua tena. Alipomaliza vyumba vyote alitoka barazani, akaegemeza mgongo wake wote kwenye ukuta wa mbele, ule ule ulioanguka, na kuitazama mvua.

Lumbala alikunja mwavuli wake, akaufungua, akaukunja.

"Kavu," mzee akasema. Halafu akageuka kwa Mwajuma, na sauti yake haikuwa ile ya kikao. "Chumba yangu njo gani?"

Nikauona ule uso wa Mwajuma wa sokoni ukirudi.

"Baba mudogo, weye njo ulisema bantu balale mu kila chumba. Beko mu kila chumba. Haina nafasi. Utalala ku barza."

Watu walishikwa na bumbuwazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtania Mzee Asumani. Mzee alimkazia macho. Halafu mabega yake yakaanza kucheza, akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau namna, akaketi chini pale pale na kanzu yake ya Idi, miguu ameinyoosha.

"Lete mukeka," akasema. "Na mupe Lumbala chakula. Anarudia Kaniama, safari iko mbali."

Mwajuma alicheka naye mpaka kicheko kikageuka kilio, akakaa kando ya baba yake mdogo, akalia bila kujificha, na mimi nikaenda kutafuta mkeka.